Kutunza Sauti na Kumtunza Mwimbaji: Mitazamo kuhusu Kanda za Harusini na Upakuaji wa Muziki bila Malipo katika Pwani ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Neno kutunza lina maana mbili, na katika taarabu maana zote mbili hukutana ukumbini. Kutunza ni kuhifadhi kitu kisipotee wala kisiharibike. Kutunza vilevile ni kumwendea mwimbaji jukwaani na kumpa fedha mkononi, mbele ya macho ya watu, kwa ajili ya ubeti uliomgusa mtoaji. Makala haya yanatetea hoja kwamba historia ya kunakili muziki bila malipo katika pwani ya Afrika Mashariki ni historia ya maana hizi mbili kuachana. Kinasa sauti kilimwezesha msikilizaji kuitunza sauti bila kumtunza mwenye sauti. Kwa muda mrefu jambo hilo halikuhesabiwa kuwa kosa, na sababu zake hazikuwa kutojua sheria wala upungufu wa maadili, kama matangazo ya kupinga uharamia yanavyodokeza. Zilikuwa sababu zenye mantiki, zilizofungamana na jinsi mwimbaji alivyopata riziki yake. Lakini mantiki hiyo ilikuwa na ufa, na walioanguka katika ufa huo ni waimbaji waliozeeka.

Uwanja wa uchunguzi ni Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, tangu santuri za kwanza za taarabu hadi simu ya mkononi. Kanda ya harusini, kama istilahi hiyo inavyotumika hapa, ni rekodi iliyofanywa na msikilizaji mwenyewe, au na fundi aliyeitwa na mwenye shughuli, wakati muziki ukipigwa, bila mapatano yoyote na mwimbaji. Ni tofauti na nakala bandia, yaani kaseti au sahani ambayo tayari imetolewa sokoni kisha ikadurufiwa na mtu mwingine na kuuzwa. Wapiga vita uharamia huzitia zote mbili katika kapu moja. Watu wa pwani hawakuzichanganya, na mtafiti anayeanza kwa kuzichanganya anajinyima jambo lile lile analolitafuta.

Kabla ya kanda: jina na nakala

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi nyimbo zao kwa ajili ya santuri zilizotolewa chini ya nembo ya His Master's Voice. Santuri hizo zilirudi Zanzibar na kusambaa mwambao mzima. Kwa suala letu, sifa kubwa ya santuri ni kwamba haikunakilika nyumbani. Mwenye gramafoni angeweza kuwaita majirani, na mwenye mkahawa angeweza kuipiga hadharani wateja wakisikiliza hadi usiku, lakini kuizalisha santuri nyingine kulihitaji kiwanda. Kusikiliza bila kununua kulikuwa jambo la kila siku, nalo halikuitwa wizi na mtu yeyote. Aliyesikiliza kwa jirani alikuwa mgeni wa jirani.

Hii haimaanishi kwamba pwani haikuwa na fikra ya wizi katika sanaa. Ilikuwa nayo, tena kali, ila ilielekezwa kwingine. Washairi wengi waliweka majina yao katika beti za kufungia ili asiyekuwa mtungaji asijivike utungo. Kwa upande mwingine, aliyenakili utenzi kwa mkono alishukuriwa, na mara nyingi alitia jina lake mwishoni akiomba dua ya msomaji. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, yametufikia kwa sababu watu waliyahifadhi vichwani na baadaye Mwalimu Sikujua akamsaidia W. E. Taylor kuyakusanya na kuyaandika. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Mwalimu Sikujua alimwibia Muyaka. Angemwibia kama angelifuta jina.

Kuhusu tuni hali ilikuwa huru zaidi, na hapa waimbaji wenyewe hawana mikono mitupu. Sehemu kubwa ya taarabu ya Mombasa, hasa ile iliyohusishwa na Juma Bhalo, ilichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzitungia maneno ya Kiswahili. Wasikilizaji walizijua filamu hizo na walifurahia kuutambua wimbo wa asili chini ya maneno mapya. Hakuna aliyefikiri kwamba mtunzi wa Bombay anadai kitu. Ni vyema jambo hili likumbukwe kabla ya kumhukumu kijana aliyenunua kanda tupu.

Kinasa sauti kwenye shughuli

Kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilichukua miaka mingi kufika katika kila nyumba, lakini kufikia miaka ya 1980 ndiyo iliyokuwa chombo kikuu cha muziki katika Afrika Mashariki. Ilikuwa rahisi, ilifutika na kurekodiwa upya, na redio kaseti moja ilitosha kwa kusikiliza na kunasa. Mombasa palikuwa na maduka yaliyofanya kazi mbili kwa pamoja: kutengeneza redio na kuuza kanda za taarabu. Mbwana Radio Service ndilo linalojulikana zaidi kwa watafiti, kwa kuwa rekodi zake zimekuwa hazina ya taarabu ya mji huo.

Ili kuelewa kwa nini kurekodi harusini hakukuleta ugomvi, lazima tuangalie fedha zilivyotembea usiku ule. Mwenye shughuli alikwishapatana na kikundi, na malipo ya kikundi yaligawanywa kati ya wapigaji na waimbaji. Juu ya hayo kulikuwa na kutunzwa. Kelly Askew, katika utafiti wake kuhusu Tanga uliochapishwa mwaka 2002, ameeleza kwa kina jinsi kutunza kulivyo zaidi ya malipo: anayeinuka na kumwendea mwimbaji kwenye mstari fulani anatangaza kwamba mstari huo unasema kwa niaba yake, pengine dhidi ya mtu aliyekaa viti vitatu nyuma. Fedha zinaonekana. Mtoaji anaonekana. Anayelengwa anajijua, na ukumbi mzima unajua kwamba anajua.

Mwimbaji, basi, alipofunga shughuli alikuwa amelipwa mara mbili, na deni kati yake na wasikilizaji lilikuwa limekwisha. Kanda iliyobaki ilikuwa kumbukumbu ya deni lililolipwa. Tena ilikuwa kumbukumbu pungufu: ilinasa sauti, udi na vigelegele, lakini haikuweza kuonyesha nani aliinuka, alielekea upande gani, na nani aliinamisha kichwa. Msikilizaji wa kanda alikuwa kama mtu aliyesimuliwa. Kwa hiyo mwimbaji hakuwa na sababu ya kuogopa kwamba kanda ingechukua nafasi yake. Kinyume chake, iliposafiri kwenda Lamu, Pemba, Muscat au Dubai ndani ya sanduku la jamaa aliyekuja harusini, ilimtangazia jina. Familia iliyoisikia ingeweza kumwita yeye kwenye harusi yao. Aidha, nyimbo za harusi mara nyingi zilitungwa kwa kutaja maharusi na wazazi wao. Familia iliitazama kanda ya namna hiyo kama inavyoitazama picha ya ukutani, na ingeshangaa kuambiwa kwamba mmiliki wake ni mtu mwingine.

Hata hivyo kulikuwa na kanda zilizolaaniwa, na ubaya wake haukuwa wa fedha. Katika harusi za Waislamu wa pwani zipo sehemu ambazo ni za wanawake peke yao. Huko wanawake huimba, hucheza, hujifunua nywele na kuvaa mavazi ambayo hawatoki nayo njiani, na huambiana kwa mafumbo mambo wasiyoyasema mbele ya waume na mashemeji. Kanda iliyonaswa humo ilikuwa halali maadamu imekaa ndani. Ikitoka, ikasikika kwenye kinyozi au kwenye gari la abiria, kosa lilikuwa limetendeka, na jina la kosa hilo lilikuwa kuvunja sitara. Aliyekosewa hakuwa mwimbaji peke yake, na mara nyingine hakuwa mwimbaji kabisa. Alikuwa mwenye nyumba aliyeaminiwa na wageni wake.

Mafumbo yaliongeza uzito. Fumbo huzaliwa kwa ajili ya usiku mmoja na mtu mmoja. Ukumbini lina mipaka, kwa kuwa wasiohusika hawalielewi na wanaohusika wanaweza kujifanya hawakulielewa. Kanda iliondoa mipaka hiyo. Ilirudishwa nyuma na kusikilizwa tena, maneno yakapimwa, na yule aliyejifanya hakuelewa akalazimika kuelewa. Katika miaka ya 1990, mipasho ilipotawala na ushindani kati ya Tanzania One Theatre na Muungano ukawa gumzo la Dar es Salaam, huku majina ya Khadija Kopa na Nasma Khamis yakiwagawa mashabiki, fumbo lilikuwa limekwishahama harusini na kuwa bidhaa ya wazi. Katika nyumba za watu, lakini, sheria ya zamani iliendelea. Hadi leo zipo harusi za wanawake Mombasa na Zanzibar ambapo simu hukusanywa mlangoni au wageni huombwa wasizitoe. Waandishi wa hakimiliki hawajalipa jambo hili uzito, labda kwa sababu halina shilingi ndani yake. Kwa maoni yangu ndilo katazo lenye nguvu zaidi dhidi ya rekodi zisizo na idhini katika historia nzima ya muziki wa pwani: limetungwa na wenyewe, linatekelezwa na wenyewe, na halijawahi kuhitaji polisi.

Dansi, redio na mshahara

Muziki wa dansi wa Dar es Salaam ulifikia uvumilivu ule ule kwa njia nyingine. Tangu NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika ya umma, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Walirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikapitiwa kwanza maneno yake, kisha zikarushwa hewani. Kituo hicho kilikuwa redio pekee ya Tanzania Bara hadi utangazaji binafsi uliporuhusiwa kwa sheria ya mwaka 1993. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuzalisha santuri. Kiwanda kilikuwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mpenzi wa Mlimani Park aliyetaka kuusikia wimbo nyumbani, mara nyingi hakuwa na nakala halali ya kununua. Alisubiri kipindi cha redio akiwa na kidole juu ya kitufe, au alikwenda kwenye duka la kurekodisha na kanda yake tupu, akachagua nyimbo kutoka orodha, akalipa gharama ya fundi na kurudi jioni kuichukua. Roger Wallis na Krister Malm, waliochapisha mwaka 1984 uchunguzi wao wa nchi 12 ndogo, Kenya na Tanzania zikiwamo, waliikuta biashara hii ya kudurufu kaseti ikiwa imeenea pande zote mbili za mpaka. Kuiita wizi kunadhani kwamba palikuwa na duka la pili, halali, lililokwepwa. Kwa nyimbo nyingi duka hilo halikuwapo.

Lakini mwenye duka la kurekodisha alipata fedha, na hapo ndipo wanamuziki walipoanza kulalamika. Mpigaji gitaa wa bendi ya shirika alimvumilia shabiki aliyenasa wimbo redioni. Hakumvumilia mfanyabiashara ambaye alijenga nyumba kwa sauti za watu wengine. Tofauti hii, kati ya kunakili kwa mapenzi na kunakili kwa faida, inajitokeza tena na tena, na haikubuniwa Dar es Salaam.

Mfano wa Marekani

Inawezekana kudhani kwamba mitazamo iliyoelezwa hapo juu ni ya nchi ambazo sheria zake hazikuwa na meno. Historia ya Marekani hairuhusu dhana hiyo. Mwaka 1969 zilianza kuuzwa huko santuri za Great White Wonder, zenye rekodi za Bob Dylan ambazo kampuni yake haikuwa imezitoa. Wakati huo rekodi za sauti zilikuwa bado hazilindwi na sheria ya shirikisho ya hakimiliki. Ulinzi huo ulianza Februari 1972. Katazo la shirikisho dhidi ya kunasa onyesho la jukwaani bila idhini lilikuja mwaka 1994 tu, kufuatia mapatano ya biashara ya kimataifa yaliyozaa Shirika la Biashara Duniani. Tanzania ilitunga sheria yake ya hakimiliki na hakishiriki mwaka 1999. Umbali kati ya nchi hizi mbili katika suala hili ni miaka mitano.

Linalovutia zaidi ni maadili yaliyojengeka nje ya sheria. Bendi ya Grateful Dead iliwavumilia mashabiki waliorekodi maonyesho yake, na mwaka 1984 ikawatengea sehemu yao maalumu ukumbini. Mashabiki walibadilishana kanda kwa nchi nzima, kwa desturi kwamba anayeomba hutuma kanda tupu na gharama ya posta, na kwamba haziuzwi. Aliyeuza alidharauliwa na mashabiki wenzake. Kama Mombasa, bendi ilipata riziki yake mlangoni na jukwaani, na kanda iliwaleta watu mlangoni. Mwaka 2005 mkusanyiko mkubwa wa rekodi hizo ulipoondolewa kwenye orodha ya kupakuliwa katika Internet Archive kwa ombi la upande wa bendi, mashabiki walikasirika kana kwamba wao ndio walioibiwa. Suluhu ilikuwa kurudisha zile zilizonaswa na wasikilizaji, huku zile zilizotoka kwenye mitambo ya bendi yenyewe zikibaki za kusikilizwa tu.

Metallica nao walikua kwa kanda zilizopita mkono kwa mkono, na baadaye waliwaruhusu mashabiki kurekodi maonyesho yao. Mwaka 2000, lakini, waliishtaki Napster na kupeleka orodha ya majina ya watumiaji zaidi ya 300,000. Wengi waliwacheka kwa kile walichokiona kama kigeugeu. Mimi sioni kigeugeu hapo. Kanda ya onyesho ilimtaka mtu awe amekuja, au amfahamu aliyekuja. Faili la Napster halikumtaka mtu afahamu chochote.

Sheria na memori kadi

Tanganyika ilirithi sheria ya Kiingereza, na mwaka 1966 Tanzania ikatunga yake. Sheria ya 1999 ilibadilisha mambo mawili yanayotuhusu: ilimtambua mtendaji wa onyesho kwa jina la hakishiriki, na iliunda chombo cha kusimamia haki hizo, COSOTA. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2003. Kwa mara ya kwanza mwimbaji wa harusini alikuwa na haki iliyoandikwa juu ya sauti yake kabla haijarekodiwa. Nadhani ni waimbaji wachache walioisikia habari hiyo.

Wakati huo teknolojia ilikuwa imekwishakimbia mbele. Sahani moja ya MP3 kutoka Kariakoo ilibeba nyimbo zilizohitaji kaseti kumi au zaidi. Kisha vikaja vibanda vya simu ambako kijana mwenye kompyuta alijaza memori kadi kwa malipo madogo. Ni duka la kurekodisha lililofufuka, likiwa na orodha isiyo na mwisho. Kuanzia mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilitaka kazi za muziki na filamu zibandikwe stempu za kodi ili halali itofautike na bandia. Stempu hubandikwa kwenye kitu, na muziki ulikuwa tayari unaacha kuwa kitu.

Wasanii wa Bongo Fleva walilipokea jambo hili kwa nyuso mbili. Hadharani waliungana na kampeni dhidi ya uharamia. Katika utendaji, wengi wao walipeleka nyimbo zao wenyewe kwenye redio na kwenye tovuti zilizoruhusu kupakua bure, kwa sababu fedha yao ilikuwa kwenye maonyesho na wimbo usiosikika haumwiti mtu kwenye onyesho. Alex Perullo, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu uchumi wa muziki wa Dar es Salaam, ameonyesha jinsi wanamuziki wa mji huo walivyojifunza kuishi kwa ubunifu ndani ya mfumo ambao kuuza rekodi peke yake hakukuwatosha. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, ilikwenda mbali zaidi: msikilizaji anapakua bila kulipa, na fedha inatoka kwa mtangazaji wa biashara. Mwaka 2020 kampuni hiyo iliandikishwa katika soko la hisa la Copenhagen. Upakuaji wa bure, uliokuwa ugonjwa, ukawa mtaji. Upo pia mwelekeo wa kinyume: mwaka 2017 kundi la Diamond Platnumz lilianzisha tovuti yake ya kuuza nyimbo moja moja, likijaribu kumfundisha shabiki kulipia kile ambacho wasanii wenyewe walikuwa wamemzoeza kukipata bure.

Kijana anayepakua leo hutoa utetezi ambao babu yake angeuelewa: msanii anapata kwenye shoo. Lakini babu alikuwa ukumbini. Alikwishamtunza, au alimwona jirani yake akitunza. Mjukuu anarejelea malipo yanayofanywa na watu wengine, mahali pengine, na ambayo hajawahi kuyashiriki. Hoja imebaki ile ile. Mazingira yaliyoipa nguvu yameondoka.

Mwimbaji asiyekuwapo

Sasa tunaweza kuutazama ufa uliotajwa mwanzoni. Utaratibu wa kulipwa ana kwa ana ulimtosha mwimbaji mwenye sauti na miguu ya kumfikisha jukwaani. Haukuwa na nafasi kwa aliyeacha kuimba. Mwanamuziki wa shirika alipostaafu au bendi ilipovunjika, mshahara ulikoma, na redio iliendelea kumpiga. Mwimbaji wa taarabu alipougua, kanda zake ziliendelea kuchezwa harusini badala yake. Na hapa hoja kwamba kanda haichukui nafasi ya mtu iligeuka kuwa uongo, kwa kuwa mtu hakuwapo. Sauti iliimba na hakuna aliyeinuka kutunza, maana huwezi kumpa spika noti.

Sheria za hakimiliki zina jibu la tatizo hili, nalo ni mrabaha, yaani malipo yanayomfuata mtunzi na mtendaji asipokuwapo na kuwafuata warithi wake. Hilo ndilo jambo moja ambalo mila ya kutunza haikuwahi kulifanya, na watetezi wa upakuaji huru wanaosifu ukarimu wa kanda za zamani hawana budi kulijibu. Kuna pia njia ya katikati. Ujerumani Magharibi ilianza mwaka 1965 kutoza ada kwenye vifaa vya kurekodia ili kuwafidia watunzi bila kumpeleleza mnunuzi nyumbani kwake, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iliweka kanuni ya aina hiyo kwa vifaa na kanda tupu. Wazo hilo liko karibu na pwani kuliko linavyoonekana: kila mtu anatoa kidogo kwa sababu ya furaha iliyopatikana. Pungufu lake ni kwamba anayepokea hajui nani katoa, na anayetoa hajui kwamba anatoa.

Watafiti hatuko nje ya jambo hili. Kanda zilizonaswa bila idhini ndizo zilizohifadhi taarabu ya harusini kama ilivyoimbwa, ikiwa na beti zilizorefushwa kwa sababu ukumbi ulikuwa unatunza. Santuri za dakika tatu hazikuweza kubeba hayo. Tasnifu zinazozitumia humpa shahada mtafiti, naye pia hajalipa kitu. Kwa hiyo ni haki asome historia hii kama mmoja wa wahusika.

Katika nyumba niliyokulia ilikuwapo kanda ya namna hiyo, ya harusi ya shangazi yangu. Karatasi yake imeandikwa jina la mwimbaji kwa wino wa buluu, bila mwaka. Upande wa kwanza ni wa usiku wa wanaume, na nimeutumia katika uchambuzi wangu wa urefu wa beti, kwa kumtaja mwimbaji na baada ya kuwaeleza watoto wake. Upande wa pili ulinaswa ndani, kwa wanawake. Una nyimbo nne ambazo sijazipata mahali pengine popote, na mafumbo ambayo walengwa wake wawili wako hai. Shangazi aliniruhusu kuusikiliza, mlango ukiwa umefungwa. Sikuomba kuunakili, na haumo katika viambatisho.